Ile Dawa ya Maharagi

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Nyunzu, nilifika shuleni na jembe jipya begani, nikakuta wanafunzi kumi na wawili wamepiga magoti bustanini waking'oa magugu kwa mikono. Nilifurahi. Nilidhani hao ndio wapenda kilimo niliowekewa. Mkurugenzi wa shule, mwanamume mrefu ambaye filimbi haikutoka shingoni mwake, alinicheka.

"Hawa njo wachelewaji," aliniambia. "Mwenye kuchelewa analima. Mwenye kupigana analima. Mwenye kusema Kiluba ndani ya darasa naye analima."

"Na mimi, Papa Mkurugenzi, nitafundisha nini?"

"Wewe utawachunga tu, Mama. Wasikimbie."

Miaka mingi nilikuwa nimekaa shule ya ufundi wa kilimo, nimejifunza udongo, mbolea, magonjwa ya mimea, kumbe nimeajiriwa kuwa askari wa gereza la mboga! Jioni ile nilimwandikia dada yangu barua ya kumwambia kwamba narudi nyumbani. Sikuituma. Kesho yake nilimwomba mkurugenzi anipe tuta moja tu, moja, ambalo hakuna mtoto atakayeingia kwa adhabu.

Tuta lile lilianza na wasichana wawili. Niliwafundisha kutengeneza kitalu, yaani mahali padogo pa udongo laini ambapo mbegu hulala kwa karibu na kuamka pamoja. Miche ikifika majani manne tuliipiga pikaji, ndivyo tulivyoita kuing'oa kwa kijiti na kuihamishia penye nafasi. Msimu wa shu, yaani kabichi, ulipofika, mkurugenzi alipelekewa kichwa kimoja kikubwa cha kujaza mikono miwili. Alikula, na baada ya siku mbili akatangaza mbele ya bendera kwamba kuanzia siku ile wachelewaji watafagia uwanja. Bustani ikawa klabu.

Vita vilipofika Nyunzu tuliacha matuta ya vitunguu yakiwa karibu kuvunwa. Nilitembea kwa kufuata reli pamoja na watu wengi, tukapita Niemba, tukafika Kalemie miguu imevimba. Hayo sitayasimulia hapa, maana si ya kazi. Baada ya muda nilipewa kazi kwenye shule moja ya sekondari ya mji huu, chini ya prefe, kama tunavyomwita hapa mkuu wa shule ya sekondari. Alikuwa mtu mfupi, mpole, shati limenyooshwa daima, na aliogopa kitu kimoja tu duniani: jina la shule kuchafuka.

Prefe alinionyesha nyumba ya plastiki nyuma ya madarasa. Wafadhili waliijenga, wakapiga picha, wakaenda. Ndani mlikuwa na madawati yaliyovunjika na kuku wawili. "Wanaiita sere," alisema. "Mama, ukiweza kuifufua, ifufue."

Tuliifufua. Sere ni nyumba ya mimea. Plastiki inazuia mvua isiguse majani, kwa sababu tomati ikinyeshewa kila siku wakati wa masika inashikwa na ukungu na kuoza ingali mbichi. Lakini nyumba hiyo ina tabia zake. Kufika saa nne asubuhi lazima ufungue pembeni, la sivyo mimea inachemka kama mboga. Nyuki hawaingii ovyo, kwa hiyo wanafunzi walipita kila asubuhi wakitikisa vichala vya maua kwa vidole, unga wa ua uanguke, tunda lishike. Na walikata vichipukizi vinavyoota kwapani mwa shina, tuliviita walafi, kwa sababu vinakula chakula cha tunda na havizai kitu.

Mwenye mkono mwema kuliko wote alikuwa Feza, msichana wa mwaka wa tatu. Miche ya wenzake ilikufa mmoja kwa mitano. Ya Feza haikufa. Alikuwa msichana wa maneno machache. Nilijua kwamba na yeye alitoka upande wa Nyunzu, na kwamba alikaa na nkambo wake, mama ya mama yake. Sikujua zaidi. Sikuuliza zaidi. Nilikuwa na haraka ya kufundisha.

Mwanzoni mwa msimu mmoja tulipokea kopo kubwa la mbegu za maharagi. Zilikuwa nyekundu kama midomo ya wasichana siku ya harusi. Mbegu za namna hiyo zimevishwa: zimepakwa unga wenye sumu ili wadudu wa udongoni wasiziguse kabla hazijaota. Niliwakusanya wanafunzi wa klabu, nikamimina chache kiganjani, nikasema kwa fahari ya mtu aliyesoma:

"Muone hizi. Mbegu hizi ziko na dawa. Ndiyo maana zina nguvu. Mukisha kuzipanda, munawe mikono."

Nililiweka kopo kwenye rafu ya sere. Mlango haukuwa na kufuli.

Alhamisi ya wiki iliyofuata Feza hakuja darasani. Jua lilipokuwa utosini, nilikuwa peke yangu ndani ya sere nafunga tomati kwenye kamba, nikasikia mtu anakuja mbio. Ni yeye. Alisimama mlangoni bila viatu, kifua kinapanda na kushuka.

"Mama Mwalimu," alisema, "ile dawa ya ku maharagi, njo dawa ya nini?"

Mpaka leo sijui niliiwekaje kamba chini. Niligeuka nikatazama rafu. Kopo lilikuwa pale pale. Nilipolinyanyua, lilikuwa jepesi.

"Feza. Nani amekula?"

"Nkambo. Yeye peke yake. Alisema sisi tungoje."

Tulichukua pikipiki ya kukodi, mimi na Feza nyuma ya dereva, tukaelekea kwenye vibanda vya turubai vya watu waliokimbia vita. Nilikuwa nimepita barabara ile mara nyingi nikienda sokoni. Sikuwahi kugeuza shingo. Kibanda cha Feza kilikuwa na upana wa tuta langu moja la vitunguu.

Nkambo alikaa chini ameegemea gunia, mate yanamtiririka kama mtoto anayeota meno, jasho limelowesha kitenge chote, nyama za mikono zinacheza zenyewe. Pembeni, juu ya mafiga, sufuria ilikuwa inachemka. Na mbele ya sufuria watoto watatu walikaa wamejipanga kwa urefu wao, kila mmoja na sahani yake, wanangoja kimya. Mdogo kabisa alikuwa anakohoa.

Niliipiga sufuria teke.

Watoto walipiga ukelele. Yule wa katikati alijitupa chini akaanza kuokota maharagi kwenye matope, yangali yanaunguza, akiyapeleka mdomoni. Nilimpiga mkono. Mimi, ambaye sikuwahi kumpiga mtoto wa mtu katika maisha yangu ya ualimu, nilimpiga kwa nguvu mpaka yakamtoka. Jirani, mama mmoja mwenye mimba, alinijia juu: "We mwanamuke, una wazimu? Unamwaga chakula?" Nilimwambia ni sumu. Alitazama sufuria, akawatazama watoto, akakaa chini palepale kama aliyekatwa miguu. Baadaye ndiye aliyeyafukia yote, hata kuku wasiguse.

Pikipiki ile ile ilitubeba pamoja na nkambo hadi hospitali, ambako daktari kijana alimtazama machoni kwa tochi ndogo, akanigeukia.

"Amekula nini?"

"Maharagi ya mbegu. Yamevishwa dawa."

"Dawa gani? Jina lake?"

Sikujua. Nisomeni vizuri, ninyi mtakaoshika kazi hii baada yangu: nilikuwa nimefundisha juu ya mbegu zile, nikajivuna juu yake, na karatasi iliyobandikwa kwenye kopo sikuwa nimeisoma hadi mwisho. Daktari hakunigombeza. Alisema tu, "Mama, kimbia ukalete hilo kopo." Nilikimbia. Nilipolileta alisoma mistari miwili, akamwita muuguzi, wakamchoma nkambo sindano, wakamwekea maji ya mshipa.

Tulikaa kwenye benchi nje, mimi na Feza. Hapo ndipo aliniambia. Mdogo wao alikuwa anakohoa wiki nzima. Ndani hamkuwa na unga tangu juzi yake. "Ulisema ziko na dawa, ziko na nguvu," alisema. "Nikawaza, watashiba, na huyu atapona." Hakusema kwa kunilaumu. Alisema kama mwanafunzi anayejibu swali. Kisha akaongeza: "Mama, watoto hawajakula."

Nilikuwa nimewamwagia sufuria nikaondoka. Saa zote zile halikunijia kichwani kwamba wangali wamekaa pale na sahani. Niliondoka kwenda kununua unga na ndagaa, nikawapelekea watoto.

Siku ya tatu nkambo alifungua mdomo. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi.

"Niliyaosha mara tatu, Mwalimu. Maji ya kwanza mekundu, ya pili mekundu, ya tatu mekundu. Nikasema, dawa gani hii isiyokwisha? Nikawaambia watoto wangoje, nionje mimi. Mimi nimeisha kula miaka yangu. Ikiwa nzuri, jua likigeuka watakula. Ikiwa mbaya, inikute mimi."

Nilitaka kumwomba radhi. Alinipiga piga mkono, yeye mgonjwa, akinibembeleza mimi mzima.

Nilidhani mshtuko umekwisha. Jumatatu prefe aliniita biro, yaani ofisini kwake. Alikuwa amekwisha kuandika barua ya kumfukuza Feza.

"Ameiba mali ya shule, Mama. Kama tukinyamaza, kesho watu watasema shule yetu inalisha watoto sumu. Tukimfukuza, watajua ni mwizi tu."

"Papa Prefe, mtoto huyu hakuchukua sumu. Alichukua dawa. Mwenye kumwambia ni dawa njo mimi."

"Kila muntu anajua dawa ya mbegu njo sumu."

"Kila muntu? Tuulize."

Sikutegemea atakubali. Lakini alikuwa mtu wa haki chini ya woga wake. Aliwapanga wanafunzi wa klabu wote uwanjani, ishirini na saba, na walimu wengine wakatoka kutazama. Aliwauliza kwa upole: siku Mama Mwalimu aliposema mbegu ziko na dawa, nani alielewa kwamba mtu akizila anaweza kufa? Anyooshe mkono.

Mikono mitatu ilinyooka. Mmoja wa hao watatu, baba yake aliuza dawa za shambani sokoni. Hata nusu ya walimu walikiri kwamba hawakujua.

Msichana mmoja wa mwaka wa pili alianza kulia, akasema hata yeye alichukua kiganja kimoja, amekifunga kwenye kitambaa, amekiweka nyumbani kwa ajili ya tumbo la mama yake. Prefe hakungoja pikipiki. Alimshika mkono msichana yule, wakaenda kwa miguu, shati lake zuri likilowa jasho, wakarudi na kitambaa kile kikiwa bado kimefungwa fundo. Alikiweka juu ya meza yake, juu ya ile barua. Kisha akaichana barua.

"Ningewafukuza ishirini na wanne," alisema. "Na walimu wangu nusu."

Tangu siku ile neno dawa halikutamkwa tena bustanini kwetu. Tulisema sumu, kwa sauti, hata wageni waliposhtuka. Mbegu zilizovishwa tulizikataa. Tulihifadhi zetu wenyewe, tukizichanganya na majivu kuzuia vidungadunga, wadudu wanaotoboa maharagi. Matuta manne ya kwanza tuliyapanda lengalenga, mboga ya majani kama mchicha, ambayo kwa wiki tatu tu yanachumika, na kila Ijumaa sufuria kubwa ilipikwa shuleni kabla ya mtoto yeyote kushika jembe. Mkaguzi mmoja aliandika kwamba klabu yetu imegeuka jiko. Prefe alisaini chini ya maneno yale bila kujitetea.

Nkambo aliishi. Mkono wake wa kushoto ulibaki unatetemeka kidogo, akawa anashikilia kikombe kwa mikono miwili. Feza alimaliza shule. Ila ndani ya sere hakuingia tena, hata siku moja. Alipita mbali akizunguka madarasa. Wenzake walinisihi nimrudishe kwa sababu miche ilikuwa inakufa. Sikumrudisha. Kuna mambo ambayo mwalimu hana haki ya kuyaomba.

Sasa nimestaafu. Sipigi tena magoti chini bila kuumia. Wakati mwingine watu husema kazi yangu ilikuwa nyepesi, mboga na maji. Mimi hushangaa kwamba nilifanya kazi miaka yote ile nikijua mmea unataka nini kwa kutazama rangi ya jani lake, na mtoto aliyesimama kando ya mmea huo sikumtazama.

Wiki iliyopita alikuja nyumbani kijana aliyechukua nafasi yangu, amevaa miwani, na daftari mkononi. Aliniuliza umbali kati ya miche, saa za kufungua sere, namna ya kuzuia ukungu. Nilimjibu yote, naye akaandika kwa mwandiko mzuri. Alipofika ukurasa wa tatu nikamwuliza:

"Baba, wanafunzi wako wa klabu, wanakaa wapi?"

Alitazama daftari, kana kwamba jibu limo humo.

"Sijui, Mama."

"Basi funga daftari. Nenda uone kwanza, mlango kwa mlango. Ukirudi, nitakueleza juu ya mbolea."

Alikwenda. Bado hajarudi. Wanafunzi wake ni wengi na wengine wanakaa mbali, ng'ambo ya mto Lukuga, nami sitaki arudi mbio.