Kitenge cha Wamama wa Alhamisi

Wazo la kitenge lilikuwa langu mimi, Kahindo, na mpaka leo linaniudhi. Tulikuwa wamama kumi na mmoja. Kila Alhamisi tulikutana katika kituo kimoja cha Goma kinachotibu watoto waliobakwa. Watoto walibaki chumba cha mbele. Sisi tuliketi nyuma na Madame Léocadie, msimamizi wetu, ili kila mmoja aseme yaliyompata mwanawe na yanayomkaa rohoni.

Annonciata peke yake hakusema. Vita vilimtoa kijijini Kalengera mwaka 2012, akajenga nyumba ya mbao mtaani Murara, hapa Goma. Volkano ilipolipuka 2021 tulikimbilia mji wa Sake, na mwenye nyumba aliyempokea huko ndiye aliyembaka binti yake Umuhire, mtoto wa miaka tisa. Hayo aliniambia mimi tu, njiani. Tuliporudi, majirani wa Murara aliwaambia kila Alhamisi anakwenda kujifunza kushona. Alitaka kitu kimoja: mtoto asome bila kunyooshewa kidole.

Ikakaribia tarehe nane Machi, sikukuu ya wanawake. Hapa Goma, kikundi cha wanawake kisicho na kitenge cha sare siku hiyo ni kama hakipo. Nikapendekeza, wenzangu wakapiga vigelegele, tukachagua cha njano chenye majani ya kijani. Annonciata akauliza kama ni lazima. Nikamwambia asijitenge na wenzake. Akavaa. Hakuna aliyefikiri mbele, hata Madame na madiploma yake.

Siku hiyo Béata, jirani wa Annonciata, alituona tukitoka kituoni, sote njano tupu. Mtaa mzima unajua kituo kile kinashughulika na nini. Kufikia Jumatatu, hakuna mtoto aliyetaka kukaa benchi moja na Umuhire. Jumatano akakataa shule.

Alhamisi Annonciata alikuja na kitenge mkononi, akakitupa mezani.

"Miezi munane munaniombaka niseme," alisema. "Sasa kitenge yenu imesema. Mutoto wangu atasomea wapi?"

Madame akatuomba tufumbe macho, tuvute pumzi. Nilitamani kumrushia kiti. Nikasema kosa ni langu. Annonciata akanijibu, "Najua," basi.

Jumamosi nilimsaidia kubeba godoro hadi kwa dada yake, upande wa Lac Vert, ambako hakuna anayemjua Umuhire. Umuhire alitufuata na sufuria kichwani. Njiani mwanamke mmoja akatuuliza tunakimbia nini tena, waasi ao volkano. Annonciata akashika godoro vizuri, akaongeza mwendo.