Alilijua Ziwa, Hakuijua Milango

Saa mbili asubuhi. Fundi cherehani yuko kwenye mashine yake, mguu kwenye pedeli, lakini jicho moja liko kwenye simu ya bintiye iliyolazwa kifudifudi juu ya meza ya kukatia. Sare kumi na mbili za shule zinamngoja hadi Ijumaa. Simu inatetemeka. Anakata uzi na kuitazama kama mgeni aliyeingia bila hodi.

"Tangu yale ya mwezi uliopita siiamini hata ikikaa kimya," anasema.

Bintiye ana miaka kumi na minne. Anacheza mchezo ambao mtu anaangukia sayari ngeni, chombo chake kimevunjika, atafute hewa, maji na chuma, la sivyo afe. Kabla ya kuanza, mchezaji huandika namba. Watoto wanaiita mbegu, maana kutoka kwenye namba hiyo mchezo unaotesha sayari nzima: milima, mapango, maziwa.

Fundi hakuyajua hayo. Alichojua ni kwamba mtoto anaingia na simu bafuni, na akiulizwa anajibu, "Aa, mama, ni mchezo tu."

"Mchezo gani huo unaotaka gauni lipigwe pasi kwa ajili ya Jumamosi?"

Habari ikatoka kidogo kidogo. Kuna mtu anajiita Jirani, hawajawahi kuonana. Alimwandikia binti kwamba amefika kwenye sayari yake huyo binti, akaiona milima miwili pacha na ziwa la kijani nyuma yake. Kweli vipo.

"Ananijua, mama. Hakuambiwa na mtu."

Sasa Jirani alitaka waonane Jumamosi kwenye kituo cha mabasi. Aje peke yake.

Fundi aliichukua simu. Mkono ukaenda kwenye nyundo ya kupigia vifungo, ukarudi. "Nikasema, nikiivunja hii, atamtafuta kwa simu ya mwenzake. Nikavuta kiti. Haya mwanangu, nifundishe huo mchezo."

Akamuuliza kama aliwahi kumpa mtu ile namba. Mtoto akafikiri. Aliiweka kwenye kundi la wachezaji, watu mia mbili na ushee, akijisifia ziwa lake.

Fundi akaazima simu ya dada yake, muuza vitambaa wa mlango wa pili. Wakaingiza mchezo uleule, wakaandika namba ileile. Ikatokea milima miwili pacha. Nyuma yake, ziwa la kijani.

"Basi na mimi mama yako mkubwa nimeshafika huko, na sijatoka dukani," dada mtu akasema. Mtoto hakucheka.

Fundi alielewa upesi, maana ndiyo kazi yake. Karatasi moja ya kukatia ukiwapa mafundi mia, watatoa gauni lilelile. Ulichotia mfukoni hawakijui. Kwenye simu ya mama mkubwa, kando ya ziwa palikuwa patupu. Nyumba aliyoijenga mtoto mwenyewe kwenye mchezo wa simu yake haikuwepo.

"Muulize Jirani nyumba yako ina milango mingapi," fundi akamwambia bintiye.

Jibu likaja: *Nyumba nzuri sana, kama wewe.*

*Mingapi?* mtoto akaandika.

Kisha: *Mama yako yuko hapo?*

Mtoto aliiweka simu mezani kwa vidole viwili, akasogea karibu na mama yake kama alivyokuwa akifanya zamani, akiwa mdogo.

Jumamosi hakwenda popote. Ujumbe ule fundi aliupeleka polisi. Wameuchukua, hajasikia kitu. Jirani kafuta jina lake. "Kufuta jina si kuondoka," anasema fundi. "Bado yumo mle, na watoto bado wanatoa namba."

Mama mmoja anaingia kuchukua sare. Fundi anamuuliza mtoto wake anacheza mchezo gani kwenye simu.

"Wangu? Wangu hana mambo hayo, shoga. Mtulivu."

"Na wangu alikuwa mtulivu."

Amepanga sare zote kumi na mbili zitoke hivyo, kila mzazi akisikia kwanza kisa cha Jirani. Mfuko wenye sare anauweka upande wake wa meza, anamsogezea mteja kiti.

"Kaa kwanza," anasema.