Pesa ya Korosho Zangu Inalipa Deni la Kaka, na Mama Anamshukuru Yeye

Admin, naomba unifichie jina, maana kaka yangu yumo humu na anasoma kila kitu.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita. Nimezaliwa Newala, nimeolewa huku Masasi, upande wa Lisekese. Nina mume na watoto watatu. Nawaomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjanitukana.

Nina shamba la mikorosho nililopewa na mama. Kwetu shamba la ukoo wa mama halihamii kwa mume, ndiyo maana hata kwenye chama cha msingi kinachotuuzia korosho nimeandikishwa kwa jina langu, na malipo ya mnada yanaingia kwenye akaunti yangu. Kazi tunafanya mimi na mume wangu, Baba Zuhura. Yeye ndiye anayebeba bomba la kupulizia mikorosho salfa mgongoni mpaka macho yanakuwa mekundu.

Kaka yangu, na tumezaliwa wawili tu, alikopa benki afungue duka la spea za pikipiki Newala mjini. Akaja kuniomba nimdhamini. "Mdogo wangu, usiponishika mkono wewe, nani atanishika?" Mume wangu alikuwepo, hakupinga. Nikasaini. Kaka alirejesha mwanzoni, halafu akaacha bila kuniambia.

Nilijua siku malipo ya korosho yalipotoka. Kijiji kizima simu zinaita meseji, watu wanacheka, wengine wameshaagiza bati. Yangu kimya. Nikaenda benki. Dada wa dirishani aliangalia kompyuta, akaniita pembeni. "Mama, pesa yako imeingia, ila imekatwa yote kufidia mkopo uliodhamini. Na bado haujaisha. Kila ikiingia itakatwa."

Nikamwambia, "Lakini mimi sijakopa hata shilingi."

"Najua, mama. Ila ulisaini. Kama hutaki, itabidi tuuze nyumba ambayo kaka yako aliweka dhamana." Akanitajia nyumba yenyewe. Ni nyumba ya mama yangu, anayoishi mpaka leo!

Nilimpigia kaka palepale. Hakukana. Alisema mama aliweka dole gumba akiambiwa ni karatasi za kuingiza umeme. "Mama ana presha," akaniambia. "Ukimwambia akafa, damu yake iko juu yako. Acha wakate, deni litaisha, mimi nitakurudishia." Hajarudisha kitu. Duka lipo, na ameoa mke wa pili.

Tangu hapo nalima, napalilia, naokota korosho, napeleka ghalani, na pesa siioni. Binti yetu Zuhura alifaulu kwenda kidato cha tano shule ya bweni. Wenzake wameondoka na magodoro yao, yeye yuko nyumbani anachoma maandazi. Hanilaumu. Ananiangalia tu, na afadhali angenisema.

Kilichonivunja kabisa ni siku tuliyokwenda Newala kumjulia hali mama. Baba Zuhura, kwa heshima ya mkwe, alikaa nje barazani. Mimi niliingia ndani, nikamwamkia mama na kumpa unga na dagaa nilivyobeba. Alikuwa na jirani yake. Mama akamwambia yule jirani, nami nimekaa pale pale, "Huyu wa kike ndiye niliyempa mikorosho, lakini tangu nimpe hata kanga sijaiona. Namshukuru Mungu kwa wa kiume. Huyo ndiye anayenitunzia nyumba hii."

Nikasikia kiti kinasogezwa nje. Baba Zuhura alikuwa amesimama mlangoni, mdomo umeshafunguka. Nilimtazama, nikatikisa kichwa. Akasema, "Mama, sisi tunaomba ruhusa, njia ni ndefu." Mama akajibu, "Haya, mkwe wangu, salimia watoto."

Tulipofika nyumbani akaniambia, "Mama Zuhura, mimi sikuoa deni. Sitabeba tena bomba nilipie harusi ya kaka yako. Chagua. Mwambie mama yako ukweli, au msimu huu korosho ziende chamani kwa jina langu."

Ndugu zangu, korosho zimeshaanza kuanguka. Nikizipeleka kwa jina langu, benki wanachukua, na mume sijui kama nitabaki naye. Nikizipeleka kwa jina la mume, deni linakosa wa kulilipa, nyumba inauzwa na mama analala nje. Tena ukoo utasema nimemuuzia mwanaume shamba la mama. Wapo wa kangomba, wale wanunuzi wa magendo, wanapita vichochoroni, wananunua kwa bei ya kutupa na ukikamatwa ni kesi. Kila mlango ninaousukuma nakuta umefungwa kwa nje.

Nilikuwa nimeamua ninyamaze, niendelee kulipa mpaka liishe. Jana mama akapiga simu. Alikuwa na furaha, sauti ya usichana kabisa. Akasema, "Mwanangu, nimezeeka. Ijumaa baada ya swala nimeita ukoo. Nataka nyumba hii nimkabidhi kaka yako mbele ya watu, kwa vile ndiye aliyeihangaikia. Na wewe uje uwe shahidi wangu, usije kusema baadaye kwamba hukuambiwa."

Nilimjibu, "Sawa, mama."

Kaka naye amenitumia meseji: "Uje, na ujue cha kusema."

Wenye mama mnielewe. Nikisema ukweli mbele ya ukoo, naogopa nitamzika. Nikinyamaza, namkabidhi kaka kwa mkono wangu nyumba ninayoilipia kwa jasho la mume wangu na masomo ya mwanangu. Ijumaa wataniuliza kama nimeridhika. Ungekuwa wewe umekaa kwenye mkeka wa kikao hicho, ungewajibu nini?