Darasa Juu ya Paa Langu

Mtaa mzima wa Muyeye huoni nyumba yenye kuta nene kama zangu. Nilianza kwa kupasua mawe machimboni, darasa la nne sikulimaliza, na leo wenye vyeti ndio wapangaji wangu. Ila kuta hizo hizo ndizo zilizozuia mtandao, mwaka ule wa korona, binti yangu aliporudi kutoka chuo cha ualimu. Nilidhani amekuja kunitoa upweke, maana tangu mama yake afariki nilikuwa nakula peke yangu. Kumbe kutwa yuko juu ya paa la zege, akifanya mazoezi ya kufundisha kwa simu.

Siku mwalimu wake wa chuo alipomsikiliza ili ampe alama, nilipanda kumshikia mwavuli, jua lisimzuie kuona kioo cha simu.

"Baba, tafadhali, usitoe hata sauti."

"Mjini humu nani amewahi kuninyamazisha mimi?"

"Baba!"

Nikafyata ulimi. Akawasalimia watoto aliowafundisha simuni. Kimya. Wengine walikuwa kule kijijini Vitengeni na simu za wazazi wao. Nyuso hazikuonekana, majina tu. Akauliza: moja ya tatu na moja ya nne, ipi kubwa? Kimya. Akarudia. Kimya. Akifeli hapo, chuo chote kimekwenda na maji.

Nikashindwa kuvumilia. "Ya nne!" nikapaza sauti. "Nne si inazidi tatu?"

Kicheko cha mtoto kikatoka simuni. "Mwalimu, huyo kakosa! Chapati mkigawana wanne, unapata kipande kidogo!"

"Tena mkubwa mzima, sauti kama ng'ombe!" akadakia mwingine.

Basi wakafunguka, kila mmoja na chapati yake, na binti yangu akawapokea mmoja mmoja kama aliyezaliwa nao ualimu. Semeni mtakavyo, darasa lile nililifungua mimi.

Ndipo mwalimu wa chuo akauliza, "Na yule aliyejibu kwanza ni nani?"

Binti yangu hakugeuka. "Ni fundi tu, anatengeneza paa. Samahani, mwalimu."

Alifaulu. Shule moja ya bara ikamchukua, na chumba chake nikakipangisha. Watu wakiniuliza habari zake, huwaambia nimemsomesha kwa jasho langu mwenyewe. Lile la fundi sijamwambia mtu, na yeye sijamuuliza.