Waliosikilizwa Asubuhi

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu. Ilikuwa miaka ya sabini, nimetoka Segese kuja Shinyanga mjini kusailiwa nafasi ya kusomea uuguzi. Usaili wenyewe ulikuwa wa kuzungumza Kiingereza, na mimi, bahati yangu mbaya, niliitwa wa kwanza.

Wasaili walikuwa wawili. Bi Zuhura alikuwa mgeni, ametoka Tanga wiki ile ile. Mwalimu Masanja alikuwa mzee, Msukuma mwenzangu, asiyecheka ovyo. Nilieleza namna ya kumtunza mtoto anayeharisha. Bi Zuhura akakunja uso, akaweka kalamu chini.

"Simwelewi huyu."

"Mimi nimemwelewa kila neno," akajibu Mwalimu Masanja.

Nikajua nimepata mtetezi. Kumbe wapi!

"Lakini alama zangu nazo usiziamini," akaendelea. "Anaongea kama dada zangu. Huenda najaza mwenyewe asichokisema. Na wewe masikio yako hayajatuzoea. Tuwasikilize wote, kisha tuwarudie wa mwanzo."

Nikakaa nje kwenye benchi. Leonida, binti wa Kizinza kutoka upande wa Geita, aliingia baada yangu, akatoka analia. Naye hakueleweka, na mle ndani hakuna aliyemwambia kuhusu kurudiwa. Nikamwambia mimi.

"Ili wanidhalilishe mara mbili?" akauliza, akabeba kikapu chake kwenda kupanda basi. Nilitaka kumshika mkono, lakini na mimi sikuwa na la kumhakikishia.

Jioni niliitwa. Swali lilikuwa jingine, matamshi yangu yale yale, ila safari hii Bi Zuhura aliandika huku akiitikia kwa kichwa. Alinikata alama kwa kukimbiza maneno, akaniambia wazi kwamba hilo ni kosa langu, la asubuhi lilikuwa lake. Kisha akaita, "Leonida!" Akaita tena. Mwalimu Masanja akatoka mwenyewe hadi barabarani, akarudi peke yake.

Nilisomea uuguzi, nikazeeka nao. Leonida sikumwona tena, na hadi leo linaniuma.

Sasa wewe umeteuliwa kuwasaili watoto wa watu. Matamshi usiyoyazoea, yasikilize hadi uyazoee ndipo utoe alama. Matamshi ya kwenu, usiyajazie yasiyosemwa. Na masikio yako yakiwa ndiyo yenye kasoro, mwambie msailiwa mapema, angali mbele yako. Mungu akupe subira ya kusikia, mwanangu, na asitoke mtoto mlangoni kwako akilia kwa kosa lisilo lake.