Mti Unaokamata Wasioaga

Utoto wangu ulikaa ndani ya ua wa miiba, huko Lunyo. Miche yake aliileta Kukhu, bibi yangu mzaa mama, kutoka miteremko ya Mlima Elgon, ikakubali udongo wetu hadi majirani wakashangaa. Majani yake magumu hayakupukutika hata kiangazi. Kila kifundo kilikuwa na miiba mitatu, na ukikwaruza gome kwa ukucha, ndani njano tupu kama binzari.

“Hii miti nakamata mtu anatoka bila kuaga,” Kukhu alikuwa akisema. “Ikikushika, usivute. Sema nakwenda wapi, itakuachia.”

Mwaka mmoja Mama alikuja kutoka Nairobi, alikofanya kazi, akakaa nasi siku tatu. Siku ya nne, mchana, Kukhu alinipeleka nyuma ya jiko nichambue mboga. Nikasikia pikipiki. Kumbe ni boda, na begi la Mama liko nyuma! Lango lilikuwa limefungwa kwa mnyororo, basi nikajitosa kwenye ua.

Ulinishika nywele, gauni na mikono yote miwili. Nikavuta, ukazidi kunibana. Kati ya majani niliona kisogo cha Mama kikienda, nikaita, lakini pikipiki ilikuwa na kelele nyingi kuliko mimi. Sijawahi kuogopa vile tena.

Kukhu akaja mbio. “Wewe, nakwenda wapi?”

“Kwa Mama.”

“Haya. Rudi nyuma kidogo.”

Nikarudi, na mwiba mmoja mmoja ukaniachia. Uliniachia upande wa ndani. Mikono ya Kukhu ilikuwa inatoka damu kwa kunichomoa, nami sikumhurumia hata kidogo.

“Mbona haikumkamata Mama? Hakuniaga!”

“Aliaga mimi. Mimi ndiyo namwambia asikuage wewe. Wewe nalia sana.”

Mama alirudi baada ya miaka miwili, nikamwamkia kama mgeni.

Leo naishi Busia mjini, na kila asubuhi navuka mpaka kwenda kuuza vitambaa upande wa Kenya. Jirani hunishauri niondoke kimyakimya, mtoto angali usingizini. Sitaki. Namwamsha binti yangu, namuaga. Analia, anang’ang’ania gauni langu kwa mikono miwili, na mimi sivuti. Namwambia ninakokwenda, kisha nasubiri mpaka aniachie mwenyewe.