Vigingi vya Vichwa Vyeupe

Nilirudi Dar es Salaam kutoka chuoni nikiwa na daftari jipya, wavu mdogo na vigingi kumi na vinne. Utafiti wangu wa shahada ya pili ulihusu madimbwi: maji hukaa muda gani baada ya masika, na viumbe gani huishi humo. Mbuga niliyoichagua ilikuwa nyuma ya Temeke, mwendo wa saa nzima kutoka nyumba za mwisho za mji, nyasi zikifika kifuani.

Nilipanga kwa mama mmoja mjane, ukingoni mwa mbuga. Alilima mpunga kandokando ya dimbwi kubwa kuliko yote, na mpunga huo ndio uliokuwa chakula chake cha mwaka. Kila jioni aliniuliza, "Leo vyura wamekuambia nini, mwanangu?"

Siku ya tatu nilisimika vigingi, kimoja kila dimbwi. Nilivichora mistari ya inchi ili nisome kina cha maji, na vichwa nikavipaka rangi nyeupe vionekane kwa mbali.

Asubuhi yake, baada ya chai aliyonipikia kama kawaida, nilimkuta dimbwini na kisu, anakata mpunga. Rafiki yake, jirani wa shamba la pili, alikuwa akifunga mafungu. Mashuke yalikuwa bado ya kijani. Niliminya punje moja, ikatoa maziwa.

"Mama, mbona unakata mapema hivi?"

"Nakata changu kabla hamjakichukua."

Nilidhani ananitania. Jirani hakuinua hata uso. "Huyu mpole," alisema. "Wenzake huja na askari. Huyu kaja na vyura."

Mama ndiye aliyenieleza. Dada yake alikuwa na shamba la mihogo upande wa Kinondoni. Wapimaji wa serikali walisimika vigingi vyenye vichwa vyeupe, kama vyangu, na msimu haukuisha mihogo ikang'olewa kupisha viwanja. Kumbe tangu jana jioni aliamini nimekuja kumtoa, na bado akanipikia chai.

Nilimweleza kazi yangu kwa kirefu, mpaka jirani akapiga miayo.

"Maneno yako mazuri," mama alisema, "lakini kigingi bado kimesimama."

Niliingia majini nikaking'oa. Kisha tukazunguka mbuga nzima, mimi niking'oa, yeye akihesabu kwa sauti hadi kumi na vinne. Vipimo vyangu vya kwanza vikaishia hapo.

"Sasa kina utakijuaje?" aliniuliza tuliporudi. Aliingia ndani akatoka na jembe lake la zamani. "Pimia mpini. Jembe halimtishi mtu."

Niliuchonga mpini alama za inchi, na msimu mzima nikapita nao begani. Watu wa mbugani wakaniita Bwana Madimbwi. Mpunga uliobaki uliachwa ukomae, na wakati wa mavuno nilikuwapo.

Lakini siku ile ya vigingi robo ya shamba ilikuwa imeshalala chini. Walichofanya kwa mpunga mbichi ni kuukaanga ili tutwange pepeta, punje bapa za kutafuna. Mama alinikabidhi mchi.

"Twanga. Wewe ndiye uliyetukatisha."

"Mwone anavyoushika," jirani alisema. "Kama kalamu."

Nilitwanga hadi viganja vikachubuka. Mama akapeta, akatia punje chache mdomoni, akatafuna taratibu.

"Bado," alisema. "Endelea."